Mwana wa Njia Ashukapo Usiku

NENO abiria, ambalo makondakta wetu hulitamka mara mia kwa siku bila kulifikiria, limetujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni mwenye kuvuka, mpita njia. Aliyesoma Suratun Nisaa atalikumbuka katika Aya ya 43, wanapotajwa wapitao njia. Ndugu yake wa karibu ni ibnu sabiil, mwana wa njia, aliyetajwa mwishoni mwa makundi manane yanayostahiki Zaka katika Suratut Tawba, Aya ya 60. Mafakihi wamemweleza mtu huyu kwa namna inayotuhusu sana sisi tunaoishi kando ya barabara kuu. Anaweza kuwa tajiri kwao, mwenye nyumba na mifugo, lakini akikatikiwa njiani ana haki katika mali ya Waislamu. Haulizwi ameacha nini nyumbani. Anaangaliwa pale alipo.

Wiki hii tunapenda kumzungumzia mwana wa njia wa zama zetu, yule anayeshuka katika mji asioujua akiwa na begi, bahasha ya kaki na simu iliyobakiwa na chaji kidogo. Umasikini wake mara nyingi si wa fedha. Nauli anayo, na pengine amefunga akiba katika kona ya kanga. Anachokosa ni kujua: gari lipi, mlango upi, ashuke wapi, na kubwa zaidi, amwulize nani.

Mji wetu wa Same umelelewa na wapita njia. Reli ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 ilipita hapa na kufika Moshi mwaka 1911, na baada ya treni ya abiria kutoonekana kwa miaka mingi, honi yake ilisikika tena Desemba 2019. Barabara ya Dar es Salaam, Moshi na Arusha nayo inatupita katikati. Mabasi ni mengi mno, na wengi waliomo ndani huujua mji wetu kwa jina la kituo tu. Kwa upande wa pili tuna ndugu zetu wa mlimani, wa Chome, Suji, Vudee, Mbaga na Mamba Myamba, ambao magari yao huteremka kabla ya jua kuchomoza yakiwa na ndizi, magunia ya tangawizi na wagonjwa, kisha hupanda tena jioni. Katika magari hayo hakuna mgeni. Dereva anajua ni nyumba ya nani inayosubiri dawa, na mtoto wa shule hukabidhiwa kwa abiria yeyote, akafika.

Tusijisifu sana kwa hilo. Wema wa mlimani una mfumo wake. Wazee wetu wa Kipare walichimba ndiva za kuhifadhia maji, wakagawana zamu za kumwagilia, wakaitana msaragambo kulima, kujenga na kuzibua mifereji. Asiyetokea leo, kesho hana wa kumtokea. Ni jambo jema na tunaomba lisipotee, ila ndani yake kuna hesabu, na watani wetu wanaotucheka kwa kupenda hesabu hawajakosea sana. Unayemsaidia unamjua, na unajua siku atakayokulipa. Mtu wa basini hana zamu ya maji ya kukurudishia. Ukimtendea wema anashuka, na hamwonani tena hadi Siku ya Kiyama.

Mama mmoja wa jamaa yetu, mkazi wa moja ya vijiji vya mlimani, ametupa ruhusa ya kusimulia yaliyomkuta ilimradi tusitaje jina lake. Alipewa rufaa ya kumpeleka mwanawe wa miaka minne katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyopo eneo la Muhimbili. Hakuwa amewahi kufika Dar es Salaam. Mumewe alibaki na watoto wengine watatu na ng'ombe, na ndugu aliyekuwa ampokee, mkazi wa Mbagala, alipatwa na dharura ya kazi akaahidi kumkuta hospitali mchana. Kabla ya kuondoka aliusiwa na kila mtu. Usile cha mtu. Usimpe mtu mtoto hata kama unataka kwenda chooni. Usimwambie mtu kuwa wewe ni mgeni. Alipanda basi la usiku hapa Same, kukapambazuka akiwa Mbezi Luis, katika kituo kikuu cha mabasi kilichofunguliwa mwaka 2021 kuchukua nafasi ya kile cha Ubungo.

Akapata daladala hadi Kimara, na hapo akapanda mwendokasi pamoja na umati wa asubuhi. Kijana mmoja akamwinukia, akakaa na mwanawe mapajani. Kituo cha kwanza baada ya kuondoka aliinua macho akasoma kibao: Korogwe. Anasema moyo ulimshuka hadi miguuni. Korogwe aliyoijua yeye ni ya mkoa wa Tanga, na alikuwa ameipita usiku ule ule, kwa hiyo akaamini amepanda gari linalomrudisha kwao. Wenyeji wa Kimara wanajua kuwa hilo ni jina la kituo tu, lakini mgeni atajulia wapi? Na kwa kuwa aliusiwa asijitambulishe kuwa mgeni, hakumwuliza mtu. Alikaa akitokwa na jasho, akimshika mtoto na ile bahasha.

Mbele yake alisimama mwanamke wa makamo aliyebeba ndoo mbili tupu zilizovishwa moja ndani ya nyingine, muuza samaki aliyekuwa akiwahi mnada wa Feri. Akaiona bahasha. "Mdogo wangu, unakwenda Muhimbili?" aliuliza kwa sauti ya chini. Mama yetu hakujibu. Aligeuzia uso dirishani, kama alivyofundishwa.

Jambo alilolifanya yule muuza samaki baada ya hapo tumelitafakari mara nyingi. Hakuudhika, wala hakurudia swali. Aliinua sauti akasema na kijana aliyekuwa mlangoni, watu wote wakisikia: "Baba, tukifika Fire mtuambie, kuna mgonjwa anashuka." Basi. Mara moja lile gari zima likajua. Mzee mmoja akasema Fire bado, ni baada ya Jangwani. Msichana mwenye sare za chuo akahesabu vituo vilivyobaki kwa vidole. Mama wa watu, bila kufungua mdomo na bila kuvunja usia hata mmoja, alikuwa amekwishaelekezwa na watu sita.

Pale Fire muuza samaki alishuka naye. Hakugusa mzigo wake wala mtoto. Alitangulia hatua mbili mbele hadi zilipo bajaji, akapatana nauli, kisha akamwambia dereva mbele ya wenzake, "Huyu ni dada yangu, na namba ya bajaji yako nimeishika." Ndipo mama yetu alipopata sauti. Alifungua mfuko akataka kumpa tangawizi aliyokuwa amembebea ndugu yake wa Mbagala. Mwanamke yule akavunja kidole kimoja tu, akasema kinatosha kwa chai, akarudi kituoni kukata tiketi nyingine. Anayejua mnada wa samaki wa asubuhi anajua pia kuchelewa huko kuligharimu nini. Hawakuulizana majina.

Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Said Al-Khudri (Allah amridhie) habari ya safari moja waliyokuwa na Mtume (Rehma na Amani zimshukie). Alikuja mtu juu ya mnyama wake, akawa anageuza macho kuliani na kushotoni. Mtume hakungoja mtu yule aseme shida yake. Aliwaelekea Maswahaba akawataka mwenye mnyama wa ziada ampe asiye na mnyama, na mwenye chakula cha ziada ampe asiye na chakula, akaendelea kutaja aina za mali hadi wakadhani hakuna mwenye haki ya kubaki na ziada yoyote. Mara nyingi tunaisoma Hadithi hii katika mlango wa sadaka na kukimbilia sehemu ya mali. Kwa kisa cha leo tunaomba msomaji asimame pale mwanzoni, kwenye yale macho yanayogeuka huku na huku. Nenda stendi yoyote ukae robo saa, utayaona. Na utaona pia kwamba wa kwanza kuyatambua macho hayo huwa ni mwizi, kwa sababu yeye ameamka asubuhi kuyatafuta.

Hapo ndipo penye ugumu, na tusipapite haraka. Maneno aliyousiwa mama yetu hayakuwa ya upuuzi. Wapo watu wanaopakiza dawa za usingizi katika biskuti na juisi, wakaketi jirani na msafiri kwa ucheshi, wakamwacha amelala na mifuko mitupu, na wengine hawakuamka wazima. Kila familia ina kisa chake. Watu hawa wameiba zaidi ya fedha. Wameuchafua ukarimu wenyewe, hata mzee mwema anayemkatia jirani yake kipande cha mkate safarini anatazamwa kama mhalifu, na sisi wazazi tunalazimika kumfundisha mtoto kukataa kile ambacho babu yake angeona aibu kukikataa. Katika Suratun Nisaa, Aya ya 36, tumeamrishwa kumtendea wema hata rafiki aliye ubavuni, na wapo wafasiri waliosema kuwa anaingia humo mwenza wa safari. Tutamtendeaje wema mtu ambaye kwa usalama wake anapaswa kutuogopa?

Tunaona muuza samaki wa Feri alilijibu swali hili vizuri kuliko tulivyojibiwa darasani. Hakudai kuaminiwa. Wema wake aliufanya hadharani, mashahidi wakiwa wengi, na haukumtaka mgeni atoe kitu, ale kitu wala akabidhi kitu. Mwenye nia mbaya hupenda kumtoa mtu pembeni. Anayetaka kheri hana haja ya pembe. Tofauti hii ni nyepesi, na mtoto wa darasa la nne anaweza kufundishwa: anayekwambia jambo mbele za watu msikilize, anayekunong'oneza umfuate uchochoroni mkatae, hata akiwa amevaa kanzu. Kina mama wanaopeleka mabinti vyuoni wawaambie pia kuwa kuuliza si kujianika, ila waulize kwa mwenye duka, kwa askari, kwa mwanamke mwenye watoto, nao waulize kwa sauti.

Na kuna wema mwepesi kuliko huo ambao hauhitaji ushujaa wowote. Suratul Mujaadala, Aya ya 11, inawataka waumini wapeane nafasi katika mabaraza, na walioiteremkiwa walikuwa katika kikao chenye heshima kuliko siti ya daladala. Mtume ametufundisha kwamba kumsaidia mtu kupanda mnyama wake, au kumpakilia mzigo wake, ni sadaka, na kumwelekeza aliyepotea njia ni sadaka. Haya yote yako stendi, bure, kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Hatuelewi ni vipi kijana anafunga Jumatatu na Alhamisi, kisha anajifanya amelala ili asimpishe mjamzito.

Mgeni naye asidhani kuwa zamu yake ni ya kupokea tu. Nabii Musa (Amani iwe juu yake) aliingia Madyan akiwa amekimbia, hana nyumba wala mwenyeji. Kitu cha kwanza alichofanya, kama tunavyosoma katika Suratul Qasas, ni kuwanyweshea wanyama mabinti wawili waliosukumwa pembeni kisimani, ndipo akajitenga kivulini akamwomba Mola wake. Mgeni ndiye aliyewasaidia wenyeji, na mlango wa mji ukafunguka kwa upande huo.

Mwaka 2023 Serikali iliruhusu tena mabasi kusafiri usiku baada ya katazo la muda mrefu. Kwa mji kama wetu hilo lilileta jambo jipya: watu wanaoshushwa saa saba na saa nane za usiku, wengine wakitoka Dar es Salaam kuelekea mlimani ambako hakuna gari hadi kupambazuke. Wanaume huegemea vibanda. Wanawake wenye watoto hutafuta taa, popote palipo na taa. Na Same, kwa wasioijua, ina joto mchana lakini upepo wake wa usiku mwezi wa Julai si wa mchezo.

Kisha ikaja jioni ya Jumamosi, Juni 28, 2025, pale Sabasaba, ambapo basi na gari dogo la abiria yaligongana na kuwaka moto, wakafariki watu zaidi ya 35, wengi wakiwa wameungua kiasi cha kutotambulika. Tuliopo hapa hatuna la kuongeza juu ya msiba ule. Tunasema tu kwamba tangu siku hiyo ni vigumu kulitazama basi likipita na kuona basi tupu la kupita. Allah awarehemu, na awape subira waliobaki.

Katika hali hiyo kamati yetu ya msikiti ilipokea ombi kutoka kwa kina mama wa darsa. Walitaka geti lisifungwe usiku, taa ya baraza iwake hadi alfajiri, na choo na sehemu ya kutawadhia ya wanawake viachwe wazi kwa wasafiri. Mjadala ulikuwa mrefu, nasi tulioandika muhutasari tunaweza kushuhudia kuwa hakuna aliyezungumza kwa ubaya. Mzee mmoja, ambaye ametoa mali yake nyingi katika ujenzi, alikumbusha kuwa mabomba mawili yaliibwa mchana kweupe, sembuse usiku. Akauliza: mwizi akijilaza barazani akijiita msafiri, nani atamtambua? Mwingine alihofia maneno ya watu wakiona wanawake wasiojulikana wakilala karibu na msikiti. Mama aliyewasilisha ombi alisikiliza yote, kisha akasema, "Baba zangu, hao wanawake usiku huu wamelala barabarani. Maneno ya watu ya huko hayatuumizi?" Kikao kilikaa kimya kidogo.

Kuhusu maji, hoja ya gharama imepungua uzito kwa kiasi fulani. Miaka ya nyuma kuacha bomba wazi Same kungekuwa jambo la kuchekwa, lakini mradi wa Same, Mwanga na Korogwe unaochukua maji katika Bwawa la Nyumba ya Mungu ulizinduliwa Machi 2025, na ndoo haitafutwi tena kama dhahabu. Iliyobaki ni bili.

Ilikubaliwa kwa majaribio. Geti dogo la upande wa barabara linaachwa wazi, la ndani linafungwa. Taa inawaka. Mlinzi ameongezewa posho na amepewa daftari, ila ameelekezwa aandike saa na idadi tu, asimhoji mtu jina wala dini, kwa kuwa mwana wa njia hakuwekewa sharti hilo. Kina mama watatu wanaoishi jirani wameacha namba zao kwa mlinzi, na ni wao wanaoitwa anaposhuka mwanamke mwenye mtoto. Mwezi wa kwanza iliibwa balbu moja. Yule mzee wa mabomba alinunua nyingine kwa fedha yake, akaifunga mwenyewe juu ya ngazi, akisema imewekwa juu zaidi ili mwizi ajaye ahangaike.

Mama yetu amerudi kutoka Dar es Salaam na mwanawe anaendelea na kliniki, tunamwombea. Ijumaa ya kwanza baada ya kurejea alituma ujumbe kwa imamu akiomba dua kwa ajili ya mtu asiyemjua jina, wala mtaa, wala dini. Baadhi walishangaa, itasemwaje. Imamu alisimama akamwomba Allah amjaalie kheri na uongofu mja wake mwenye ndoo mbili, ambaye Yeye anamjua, na waliohudhuria wakaitikia.

Kipindi cha majaribio kinamalizika mwisho wa mwezi huu. Kikao kitakuwa Jumapili baada ya Sala ya Alasiri, na ajenda ya kwanza ni bili ya maji na ya umeme, ambazo zimepanda kuliko tulivyokadiria. Daftari la mlinzi litakuwepo mezani kwa atakayependa kulisoma.